Herufi Moja

Alikuja saa kumi na nusu, shati limelowa mgongoni,
akaweka flashi mezani kama mtu anayeweka rehani.
"Nakala hamsini. Plastiki juu, jalada gumu chini, waya pembeni.
Kesho saa mbili kamili. Semina, hotelini."
Hakusema semina ya nini.
Huku Mtaa wa Mkwepu hatuulizi karatasi zinakwenda wapi,
tunauliza malipo ya awali.

Mashine ikaanza kuhema.
Mpango wa Kufufua Uchumi wa Maeneo Yanayopungukiwa na Watu,
kurasa mia na kumi na mbili:
mkorosho kwenye jalada, kisha shukrani, kisha vifupisho,
vifupisho vingi kuliko watoto wa darasa la kwanza kwetu.

Mimi husoma ninachofunga. Ni ugonjwa.
Nimesoma tasnifu za minyoo ya ng'ombe,
hukumu za talaka, wosia mmoja,
kadi za michango ya harusi ambazo hazikufika ukumbini.
Jana nikafika jedwali la kumi na nne,
na humo, mstari wa tisa kutoka juu,
kijiji changu.

Wakazi, hesabu ya zamani: elfu moja mia nne na sita.
Wakazi, hesabu mpya: mia sita thelathini na moja.
Sababu: uhamaji wa nguvukazi.

Nikazima feni.
Nguvukazi. Ndiyo mimi huyo,
niliyepanda lori la ufuta usiku, nikalalia magunia,
na mihogo ya kuchemsha ndani ya kitambaa cha dada yangu Somoe
ambacho mpaka leo sijakirudisha.

Nikatoa namba kwa namba: mia saba sabini na tano.
Nikaanza kuwataja, huku natoboa matundu.
Nampoto, anakata vioo Buguruni.
Mapacha wa Bi Esha, wana saluni Mbagala, hawasemeshani.
Chilumba, tulimzika Temeke kwa mchango.
Mwalimu Likanda, aliyeaga anakwenda kufuatilia mshahara.
Nilifika arobaini na kitu, wino ukaisha.

Ukurasa wa sitini wanaahidi mashine ya kukamua ufuta,
kituo cha vijana chenye mtandao,
na ruzuku kwa kila atakayerejea.
Nikapiga hesabu: haifiki kodi ya chumba changu miezi mitatu,
lakini mabati inanunua, na misumari inabaki.
Sikucheka.
Mtu fulani alitoka ofisini, akaenda mpaka kule,
akahesabu matundu ya choo cha shule yetu. Manne.
Ni kweli, ni manne.

Nikampigia Somoe.
"Walikuja wawili, na gari jeupe. Wana adabu.
Wakaniuliza, mama, unahitaji nini zaidi?
Nikawaambia, mtu wa kushika upande wa pili wa turubai
mvua ikinikuta nimeanika ufuta."
"Wakasemaje?"
"Waliandika."

Nikatafuta turubai kurasa zote mia na kumi na mbili.
Labda ndiyo ile inayoitwa changamoto za nguvukazi,
labda ilidondoka njiani, Kibiti huko, au Somanga.

Nilichokiona ni kingine.
Chikumbe, wameandika.
Kwetu ni Chikumbwe.
Nikachukua kalamu nyeusi, saa sita usiku,
nikachomeka w, nakala ya kwanza, ya pili, ya tatu.
Kufika ya thelathini mkono ulikuwa umezoea,
unaandika kama ulivyoandika kwenye daftari la mistari,
ulimi nje.

Asubuhi akahesabu mafungu, akalipa, hakufungua hata moja.
"Kuna tatizo lolote?"
"Herufi moja tu. Nimeshairudisha."
Akanitazama kama mtu aliyedaiwa zaidi,
akavuka barabara na kijiji chetu kwapani,
mara hamsini.

Sakafuni vilibaki vijiduara vya karatasi, vyeupe,
vile vinavyotoka matundu yakitobolewa.
Joto lilikuwa limeshaanza.
Nikawasha feni,
vikatawanyika.